Ramani iliyoanzia kwenye jicho: kisa cha Arthur Robinson, mchora ramani wa chuo kikuu

Ukutani juu ya meza yangu ya kazi nimebandika jedwali la kuchorea ramani ya dunia, mistari 19, namba tupu, kila mstari unasogea nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta mpaka ncha ya dunia. Mstari wa kwanza unasema 1.0000 na 0.0000, wa mwisho unasema 0.5322 na 1.0000, na hapo katikati ndo imekaa dunia yote. Kila anayeingia chumba cha ramani hapa chuoni kwetu anaulizia hilo jedwali, kwa hiyo nimeona niandike kisa chake chote mara moja, maana mtu aliyelitengeneza aliishi maisha ambayo sisi tunaofanya kazi za namna hii tunayajua vizuri: nusu unafundisha, nusu unachorea watu ramani zao, na chuoni hawaelewi wakuweke kundi la walimu au la mafundi.

Jina lake Arthur H. Robinson. Alizaliwa Montreal, Canada, 1915, wazazi wake Wamarekani, akasoma digrii ya kwanza Miami University kule Ohio akamaliza 1936, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin kuchukua masters ya jiografia, akaipata 1938. Akiwa mwanafunzi alikuwa anapata hela ya kujikimu kwa kuchora ramani za vitabu vya maprofesa. Hili jambo watu wanalipita haraka wakisimulia habari zake lakini mimi naliona kubwa sana, kwa sababu mtu anayechora ramani ya kitabu cha mwingine anajifunza kitu ambacho darasani hakifundishiki, anajifunza kusikiliza. Profesa anakuja na mchoro wa penseli, ameandika mishale na majina na maelezo mpaka pembeni hakuna nafasi, na wewe kazi yako ni kujua katika yote hayo ni lipi anataka msomaji alione kwanza.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1941 Robinson alikuwa Ohio State anasoma PhD, akaitwa Washington na mwanajiografia Richard Hartshorne, akapewa kusimamia idara ya ramani kwenye ofisi ya ujasusi ambayo baadaye ikaitwa OSS. Alikuwa na miaka 26. Hebu fikiria, mtu hajamaliza hata PhD yake anakabidhiwa chumba cha wachora ramani, na wanaoleta oda ni majenerali. Mwaka 1943 alisafiri kwenye mikutano ya wakuu wa nchi ya Quebec na Cairo kama ofisa mkuu wa ramani upande wa Marekani. Na kabla ya hapo, Krismasi ya 1942, idara yake ndo ilikuwa nyuma ya yale matufe makubwa mawili waliyopewa Roosevelt na Churchill, kila moja lina kipenyo cha kama sentimita 127 na uzito wa kilo 340 hivi, ili viongozi wawili walio pande mbili za bahari wawe wanaangalia dunia ileile kwa skeli ileile wakipanga meli zipite wapi.

Sasa hapa kwenye vita ndo kuna mzizi wa kisa chote. Kwenye kile chumba alikuta kwamba kuchora watu wanajua, kupima wanajua, lakini ukiuliza kwa nini herufi za ramani ziwe za umbo hili, kwa nini rangi hii isiwe ile, kwa nini kichwa cha ramani kikae hapa, jibu linakuwa ndivyo inavyofanyika siku zote. Hakuna aliyewahi kupima kama msomaji anaielewa. Wakati wa amani hilo unaweza kulivumilia, ila ofisa akisoma vibaya ramani ya pwani anayotaka kushushia askari, hayo ni maisha ya watu. Robinson akatoka vitani na hilo swali kichwani na hakuliacha mpaka anazeeka.

Akaajiriwa Wisconsin, Madison, kwenye idara ya jiografia iliyokuwa jengo la Science Hall, PhD akaimalizia Ohio State 1947, na pale Madison akakaa mpaka alipostaafu 1980. Kwa zaidi ya miaka 30 akafanya mambo mawili kwa pamoja, na huu ndo uamuzi ninaoupenda kuliko yote aliyoyafanya. Alifundisha katografia, yaani taaluma ya kuchora ramani, kama somo kamili, lenye nadharia yake na watahiniwa wake wa masters na PhD, na papo hapo akahakikisha chuo kina maabara ya ramani inayochora kazi za watu wa chuo, yaani mwalimu wa jiolojia au wa historia akiwa na kitabu kinatoka anakuja hapo ramani yake inachorwa, na mikono inayochora mingi ni ya wanafunzi. Mwanafunzi asubuhi anasikia mhadhara kuhusu ukubwa wa herufi, mchana anakaa na kalamu ya wino mbele ya ramani ambayo itachapwa na jina la mtu mwingine litakuwa juu yake. Ukikosea mhadhara unapoteza alama. Ukikosea ile ya mchana kuna mtu kitabu chake kinatoka na mto umeandikwa jina la mto wa jirani.

Nimefanya hii kazi ya mchana miaka mingi, najua ilivyo. Mhadhiri analeta data Ijumaa jioni anataka ramani Jumatatu, unafungua faili unakuta nusu ya vituo imerekodiwa kwenye kanda 37 ya UTM, ule mfumo wa kuandika mahali unaoigawa dunia kwa kanda, na nusu kwenye kanda 36 kwa sababu fildi ilianzia Dar ikaishia Mwanza, na hakuna aliyeandika popote, unagundua pale tu vijiji vinapotokea mahali visipokuwepo. Unarekebisha, ramani inatoka, na kwenye kitabu jina lako halipo. Silalamiki kwa ajili ya jina. Nasema hivi kwa sababu kila kosa la namna hiyo limekuwa somo zuri kuliko slaidi zangu zote, na Robinson alijenga idara nzima juu ya wazo hilohilo.

Vitabu vyake navyo vilitoka humohumo. 1952 akatoa The Look of Maps, kitabu chembamba, ambacho kwa ufupi kinasema tuache kufuata mazoea, tuchunguze jinsi jicho linavyosoma herufi, rangi na mpangilio, alafu tubuni kwa kufuata tulichokiona. Mwaka uliofuata, 1953, kikaja Elements of Cartography, cha kufundishia, ambacho kilikuja kurudiwa mpaka toleo la sita la 1995 pamoja na waandishi wenzake. Vizazi vya wachora ramani vimepitia humo. Ni katika mafunzo ya namna hiyo unajifunza vitu vidogo ambavyo msomaji havioni ila vikikosekana anachoka bila kujua kwa nini: jina la mji liwekwe kulia kwa alama yake na juu kidogo, jina la mto lipinde na mto, jina la mji wa bandari liandikwe upande wa maji. Chukua ramani ya pwani yetu uone, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Kilwa, majina yote yanaangukia Bahari ya Hindi, na ukijaribu kuyarudisha nchi kavu yanagongana na barabara na mipaka ya wilaya na kila kitu.

Haya, sasa tuje kwenye jedwali.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 kampuni ya ramani ya Rand McNally ilimfuata Robinson na shida yao. Wanataka ramani ya dunia ya matumizi ya kawaida, atlasi, ukutani shuleni, na projeksheni zilizopo, yaani njia za kulihamishia tufe la dunia kwenye karatasi, haziwaridhishi. Anayejua jambo hili anajua kwamba dunia ni tufe na karatasi ni bapa, ukilitandaza tufe lazima uharibu kitu, ama umbo, ama eneo, ama umbali, ama uelekeo, huwezi kuokoa vyote. Mercator ya mwaka 1569 inaokoa pembe, ndo maana mabaharia waliipenda, lakini inavimbisha kila kilicho mbali na ikweta mpaka Greenland inaonekana inalingana na Afrika wakati Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30 na Greenland milioni 2 na kidogo, yaani Afrika inaimeza mara 14. Zile zinazookoa eneo nazo nyingi zinapinda na kuvuta nchi za pembeni mpaka mtoto wa shule hazitambui.

Robinson akajiwekea masharti. Ramani isikatwe vipande. Nchi za pembezoni zisiinamishwe sana. Mabara makubwa yasionekane yamevimba wala kunywea kupita kiasi. Gridi iwe rahisi, latitudo zinyooke. Na isomeke na mtoto wa shule ya msingi na mtu mzima pia. Ukiyatazama vizuri hayo masharti utaona hayana hesabu ndani yake hata moja, yote yanamhusu anayetazama. Na namna alivyofanya kazi nayo ikawa kinyume na wenzake, maana wengi walianza na fomula wakaona inazaa ramani gani, yeye akaanza na sura anayoitaka. Akawa anabadilisha urefu wa latitudo hii, nafasi kati ya hizi mbili, anachora, anatazama, anabadilisha tena, mpaka alipofika mahali ambapo akigusa kitu kimoja zaidi ramani haiwi nzuri zaidi. Hapo ndo akasimama. Kilichobaki mkononi kikawa ni lile jedwali, namba mbili kwa kila nyuzi 5: latitudo iwe na urefu gani ukilinganisha na ikweta, na ikae umbali gani kutoka ikweta.

Unaweza kulitumia na grafu pepa na kalkuleta. Chukua tufe la nusu kipenyo sentimita 10. Ikweta unaichora urefu wa sentimita 53.3, na ncha ya kaskazini haiwi nukta, inakuwa mstari wa sentimita 28.4, kwa sababu ya ile 0.5322. Ramani nzima inapata kimo cha sentimita 27. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki, kwa hiyo iko kati ya mstari wa nyuzi 5, wenye 0.9986, na wa nyuzi 10, wenye 0.9954. Unakadiria katikati yake, unapata 0.9974, unazidisha, na Dar inatua sentimita 5.8 kulia kwa mstari wa Greenwich na sentimita 1.1 chini ya ikweta. Mara ya kwanza nilipolifanya kwa mkono nilisisimka, nimetumia projeksheni hii kwenye kompyuta miaka mingi kwa kubonyeza tu na sikuwa najua kuna mtu amekaa akachagua kila moja ya hizo namba kwa jicho lake.

Ramani ikatoka 1963, Rand McNally wakaitumia, maelezo kamili ya jinsi ilivyotengenezwa akayachapisha 1974. Alafu 1988 National Geographic, ambao tangu 1922 walikuwa na projeksheni ya Van der Grinten, wakahamia kwa Robinson, ndipo ikaenea kila mahali, mashuleni, maofisini, kwenye vitabu. Ilikuwa nafuu kubwa kwa kweli, maana kwa takwimu zilizotolewa wakati huo Van der Grinten iliikuza Greenland kwa asilimia 554 na Robinson kwa 60. Walikaa nayo mpaka 1998 wakachukua projeksheni nyingine, Winkel Tripel.

Kama ningeishia hapa kingekuwa kisa cha mafanikio na ningekuwa sijakitendea haki, kwa sababu kuna swali moja nimekaa nalo muda mrefu. Hilo jicho lililochagua namba, ni jicho la nani?

Nimekaa chini nikapiga hesabu za lile jedwali upande wa eneo. Ramani ya Robinson ina urefu sahihi kwenye latitudo ya 38 kaskazini na kusini, na kati ya hizo mbili mistari imepangwa kwa nafasi sawa, 0.0620 kila nyuzi 5. Sasa angalia Afrika iko wapi. Ncha yake ya juu kabisa iko Tunisia, kama nyuzi 37 na kidogo kaskazini, ncha ya chini ni Rasi Agulhas, karibu nyuzi 35 kusini. Bara zima limeingia ndani ya huo mkanda, halitokezi hata kidogo, na ndani ya huo mkanda kila kitu kimepungua eneo. Kwenye ikweta kimepungua karibu asilimia 18, Tanzania nayo humohumo kwenye 18, kule kwenye ncha za bara, kaskazini na kusini, kimepungua kama asilimia 4 hadi 6. Panda sasa Ulaya: Ujerumani imeongezeka kama asilimia 7, na ukifika nyuzi 65, katikati ya Norway, ongezeko linakaribia asilimia 30. Yaani bara letu limebebeshwa gharama ya uzuri wa hiyo ramani lote kwa lote.

Sisemi alikusudia, na sitaki mtu asome hivyo. Masharti yake yanaeleweka, na mtu akitaka umbo zuri kwenye latitudo za kati lazima achukue kitu mahali fulani. Lakini alitazama akiwa Madison, karibu nyuzi 43 kaskazini, akamtengenezea mteja wa Chicago, akiwawazia wasomaji wa Marekani, na alipofika mahali pa kusema sasa imekaa vizuri, kilichokaa vizuri ni kile ambacho jicho lake lilikizoea. Mimi ningekuwa nimekaa pale na jicho langu la Tanzania sidhani kama ningesimama kwenye namba zilezile. Kuna watafiti waliokuja baadaye, J. B. Harley akiwa mbele yao, waliosema kwamba ramani ina nguvu za watu ndani yake hata inapojiita sayansi tupu, na Robinson hakuwa mtu wa kuuliza hilo, alimjali msomaji kwa dhati ila alimwona msomaji kama jicho tu, halina kwao.

Hili lilimkuta waziwazi kwenye mgogoro wa Peters. Mwaka 1973 Mjerumani Arno Peters alitangaza ramani yake ya maeneo sawa akisema ni ya haki kwa nchi za Kusini, mashirika mengi ya misaada na makanisa wakaipokea. Robinson aliikataa kwa nguvu, akaandika dhidi yake, na kiufundi alikuwa na hoja nzito sana: umbo la Afrika pale limevutwa refu kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado inachuruzika maji, na ile projeksheni ilishaelezwa na James Gall tangu 1855. Hapo niko upande wake. Lakini watu hawakuipokea ile ramani kwa sababu ya umbo, waliipokea kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona bara lao lina ukubwa wake, na hilo hitaji halikujibiwa na majibu ya kiufundi hata yawe sahihi vipi.

Jibu lilikuja 2018, Robinson ameshafariki tangu 2004. Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny walitoa projeksheni ya Equal Earth, na wenyewe wanasema walianzia kwenye sura ya Robinson, ile mikunjo ya pembeni, zile latitudo zilizonyooka, ila wakailazimisha kila nchi iwe na eneo lake halisi. Agosti 2025 Umoja wa Afrika ukaiunga mkono kampeni ya kuitaka dunia iachane na Mercator, na ramani inayopendekezwa na hiyo kampeni ni hiyohiyo Equal Earth. Kwa hiyo ile kazi ya jicho haikutupwa, imechukuliwa na watu waliokuwa na sharti moja zaidi kwenye orodha yao.

Ukiniuliza kati ya yote aliyoacha kipi kimezaa zaidi nitasema ni ile maabara na darasa, kabla ya projeksheni. Mwaka 1973 jimbo la Wisconsin lilianzisha ofisi ya mchora ramani wa jimbo, na yeye alikuwa mmoja wa walioipigania. 1974 akawa mhariri wa kwanza wa jarida la The American Cartographer. Mwanafunzi wake David Woodward akarudi Madison na kuanzisha na Harley, yuleyule aliyekuja kuisema sana katografia ya namna ya Robinson, mradi mkubwa wa historia ya ramani za dunia ambao juzuu yake ya kwanza ilitoka 1987. Maktaba ya ramani ya chuo imepewa jina lake.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu hilo jedwali, grafu pepa na penseli, kompyuta nikazima. Wakaunganisha karatasi mbili mbili kwa gundi, wakachora mistari, wakatafuta kila mmoja kwao kunatua wapi, Bukoba, Songea, Pemba. Binti mmoja wa Mtwara akamaliza mapema, akachora na duara dogo la sentimita 1 pale Mtwara na lingine kule Oslo, akaniuliza, mwalimu, haya maduara mawili kwenye ardhi yana ukubwa sawa? Nikamwambia kokotoa. Akakokotoa, akaja kunionyesha la Mtwara lina ardhi nyingi kuliko la Oslo kwa zaidi ya asilimia 40, na akauliza kama anaruhusiwa kubadilisha zile namba. Nikampa karatasi nyingine.